Safu ya Katikati

Mama aliketi safu ya mbele, katikati kabisa, kwenye kiti alichopewa kwa heshima, na hakuambulia neno hata moja. Mdomo wa mwenyekiti wa bodi ya chuo aliuona pale jukwaani ukifunguka na kufumba. Spika mbili nyeusi, kila moja kimo cha mtu, aliziona pia, moja kulia na moja kushoto, na alizijua vizuri sana kwa kuwa vitambaa vya kuzifunika alivishona yeye kwa cherehani yake. Lakini kilichomfikia kilikuwa kitu chembamba cha kukwaruza, kama mtu anayesemea ndani ya kopo. Alidhani masikio yake yameziba. Akajichokonoa kwa kidole cha mwisho, akapiga mwayo wa makusudi ili yafunguke. Wapi!

Akageuza macho kwa jirani zake, akaona kumbe si yeye peke yake. Mjumbe wa bodi aliyekaa mkono wake wa kulia alikuwa ameegemea upande mpaka kiti cha plastiki kinalia. Bibi mmoja aliyekuja kumwona mjukuu wake akipewa cheti alikuwa ameweka kiganja nyuma ya sikio. Wale wa pembeni, kulia na kushoto, walikuwa wanacheka; mwenyekiti ametoa utani. Katikati hakuna aliyecheka, ila wawili watatu waliocheka kwa kuchelewa, kwa adabu tu, baada ya kuona wenzao wanacheka.

"Mungu wangu," mama alijisemea. "Mitambo ya mume wangu."

Mwenye mitambo, ambaye watu walimwita Mzee Mitambo naye akaitika kwa fahari, alikuwa amesimama nyuma ya meza yake kando ya jukwaa, hatua nne tu kutoka spika ya kulia. Pale alipo sauti ilikuja nzito, safi, ya kumpiga kifuani. Ungemwambia kuna mtu hasikii angekuona mwendawazimu. Kando yake alisimama binti yake, ndiyo kwanza anaingia miaka ishirini, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi hadi kola, maana kwa binti huyu siku ile haikuwa siku ya mchezo. Mkuu wa chuo alikuwa anatafuta msaidizi wa karakana ya umeme. Kazi ya kudumu, na juu yake masomo ya jioni bila ada. Wiki mbili nyuma alikuwa amemwambia, "Njoo na baba yako siku ya mahafali, nikuone unavyofanya kazi. Ukinifurahisha, Jumatatu unaanza." Tangu hapo nyumba yao haikuwa na mazungumzo mengine.

"Baba, watu wa katikati hawasikii," binti alinong'ona.

"Nani kakuambia?"

"Waangalie walivyojipinda. Na mama ananipungia mkono."

"Mama yako anakusalimia."

"Baba, anaonyesha sikio."

Mzee alitazama, akaona, akajifanya hajaona. Akanyoosha mkono akaongeza sauti. Elimu yake yote ya miaka ishirini na sita ilikuwa hiyo: sauti ikipungua, ongeza. Wale wa pembeni wakaziba masikio, mtoto mchanga akaangua kilio, na mwanamke aliyekaa chini ya spika ya kushoto akahama na kiti chake kichwani. Katikati mambo yakabaki vilevile. Safu nzima ya waheshimiwa ilikuwa imelala upande, kama watu wanaokwepa moshi wa jiko.

"Asubuhi nilikuomba tupime," binti alisema. "Nipige mlio mmoja, nitembee katikati nisikilize."

Ni kweli aliomba. Na baba alimjibu, mbele ya vijana waliokuwa wanapanga viti, kwamba fundi anayepimapima mbele ya watu anaonekana mwanafunzi. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakuwa na jina mtaani la kulilinda.

"Basi unataka nifanye nini?" mzee alinong'ona kwa ukali.

"Spika mojawapo waya wake umegeuka. Hii inasukuma hewa, ile inavuta. Sauti ni mawimbi, baba. Mgongo wa wimbi la huku ukiangukia kwenye bonde la wimbi la kule, maji yanalala. Pembeni unasikia, kwa sababu spika moja iko karibu na nyingine iko mbali, haziwahi kufika sawasawa. Ila katikati zinafika pamoja, zinauana."

"Sauti moja ukiijumlisha na ya pili inakuwa kubwa. Wewe umeona wapi moja na moja inakuwa sifuri?"

"Zikishindana, baba."

"Usinifundishe kazi hapa!"

Pale jukwaani mwenyekiti wa bodi akasita. Alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye hotuba ya kurasa kumi na moja. Akavua miwani. "Naona wenzangu wa mbele mnanitazama tu," alisema. "Hamnisikii, au hotuba haina chumvi?" Pembeni wakacheka tena. Safu ya katikati ikaendelea kumtazama kwa heshima, haijui kama imeulizwa kitu. Mkuu wa chuo akageuka taratibu kwenye kiti chake na kumwangalia Mzee Mitambo, na macho yale hayakuhitaji kipaza sauti.

Hapo ndipo binti alipoamua. Hakuomba ruhusa. Alizunguka nyuma ya jukwaa, akainama kwenye spika ya kushoto, akachomoa plagi.

Nusu ya sauti ikafa, na katikati wakasikia. Ndivyo ilivyokuwa. Maneno ya mwenyekiti yalimwagika juu ya safu ile mazima, yenye mwili, na watu wakanyooka vitini kwa pamoja. "Aaaaah!" walisema, kisha yakaja makofi, yale makofi ya kumpigia mtu aliyekuwa amekwama chooni, mlango ukakubali kufunguka. Bibi wa mjukuu aliinua mikono juu akashukuru. Mama, aliyejua ni mkono wa nani uliochomoa, alikuwa na kichwa kikubwa kwa fahari. Hakujua kilichokuwa kinakuja.

*

Wahitimu walipoanza kupanga mstari wa kuchukua vyeti, Mkuu wa chuo alifika kwenye meza ya mitambo. Hakuwa mwanamke wa kupaza sauti. Nyuma yake alikuja fundi umeme wa chuo, mtu wa makamo mwenye tumbo na bisibisi mfukoni.

"Nini kimetokea, mzee wangu?"

"Kasoro ndogo tu, Mkuu. Imeshakwisha."

"Nimeona imekwisha. Nauliza nani alifunga waya hizi."

Lilikuwa swali la kawaida. Mtu mwenye utulivu angesema tutaangalia, au hata sijui. Lakini Mzee Mitambo alikuwa amesimama mbele ya watu mia nne na makofi yale bado yanamwasha mgongoni kama upupu. Aliona kazi za mwaka mzima zinaondoka, aliona mtaa unavyomcheka. Mdomo ukamtangulia.

"Ni huyu binti," alisema. "Nilimwachia kwa kumwamini, kumbe bado hajui."

Kipaza sauti cha mezani, kile cha kujaribia, kilikuwa wazi. Maneno yakatoka kwenye spika moja iliyobaki, safi kabisa, yakafika kulia, yakafika kushoto, yakafika katikati. Mama aliyasikia neno kwa neno. Wahitimu kwenye mstari wakageuka kumtazama binti mwenye shati jeupe.

Mzee akakizima kile kidude haraka. Maji yalikuwa yameshamwagika.

Fundi umeme alikuwa ameshachuchumaa, anafungua kiungo cha waya wa kushoto. Hapa inafaa ujue utaratibu wa nyumba ile. Waya walizotumia zilikuwa za bei rahisi, nyuzi zote mbili za ndani nyeusi, huwezi kujua ipi chanya ipi hasi. Kwa hiyo binti alikuwa akifunga uzi mwekundu, uzi wa cherehani ya mama yake, kwenye ule wa chanya, ncha zote mbili. Ukiona uzi mwekundu umejua. Alhamisi mchana, siku mbili kabla ya mahafali, waya ule ulikatika karibu na kiungo. Binti alikuwa ameenda kupiga picha za kuambatisha kwenye barua ya kazi. Mzee akakata kipande kilichoharibika, pamoja na uzi wake, akaunganisha upya. Uzi mwekundu ulikuwa ndani kwa mkewe, hatua sita. Hakutaka kuuomba, kwa sababu tangu mwanzo alisema mambo ya nyuzi ni ya mafundi cherehani. Akakisia. Akafunga tepu, akajiambia atakuja kuupima, akaitwa na mteja, akasahau.

Alikumbuka yote hayo sasa hivi, wakati fundi umeme anabandua tepu. Maana Mzee Mitambo anatumia mkono wa kushoto, na tepu yake huzunguka kinyume na ya watu wengine wote. Aliiona mwenyewe ilivyozunguka. Binti naye aliiona. Fundi umeme alitazama tepu, akatazama mkono wa mzee uliokuwa umeshika koleo, akarudisha macho chini. Aibu ya maiti aijuaye mwosha.

Dakika ile mzee angeweza kusema. Ilikuwa bado mapema. Ulimi ulikuwepo, pumzi ilikuwepo, na watu waliomzunguka walikuwa watatu tu. Akamtazama binti yake, akasubiri, sijui alisubiri nini.

"Ni mimi, Mkuu," binti alisema. "Samahani sana."

Mkuu wa chuo alimtazama kwa muda. "Sawa," alisema, na akarudi kwenye vyeti vyake.

*

Nyumbani mama aliubwaga ule waya mezani kabla hata hajavua kitambaa cha kichwani.

"Baba watoto, tepu hii ni mkono wa nani?"

"Hebu niache nipumzike."

"Nakuuliza mkono wa nani. Katika nyumba hii mwenye mkono wa kushoto ni mmoja, na si mimi."

Mzee alikaa kwenye kiti cha kazi, akafungua kibweta cha misumari akakifunga. "Nilichanganyikiwa. Watu wote wale."

"Na baada ya kuona tepu? Ulikuwa bado umechanganyikiwa?"

"Nikisema ni mimi nani ataniita kazini tena? Sisi tunakula kwa jina hili. Yule ni mtoto, watasahau."

"Nani atasahau? Mkuu wa chuo? Wanafunzi mia tatu waliomgeukia mwanangu?" Sauti ya mama ilikuwa chini, kwa sababu chumba cha pili kilikuwa na pazia tu na binti alikuwa nyuma yake. "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole litapona."

"Nitaongea naye."

Hakuongea naye. Jumapili nzima alikuwa anaongea naye kichwani. Binti alitoka asubuhi akamwamkia, "Shikamoo, baba," kwa adabu yote, akamletea maji ya kunawa, akashika beseni kwa mikono miwili kama anamhudumia mgeni. Kabla ya hapo alikuwa mtoto wa kubishana naye kutwa, wa kumnyang'anya bisibisi na kumwambia mzee umezeeka. Utani ule uliondoka wote. Mzee alitamani atukanwe kuliko adabu ile. Mezani kwa mitambo binti hakusogea tena. Alikaa kwa mama yake anafumua mishono.

Mchana akaja mteja wa mama, amekuja kufuata gauni lake, mwanamke wa mdomo usio na breki. "Kumbe ndiye huyu aliyewazimia waheshimiwa sauti? Pole, mwaya. Umeme si wa wanawake, ndiyo maana sisi tunabaki na cherehani." Akacheka. Alicheka peke yake. Mama alikuwa na pini mdomoni. Binti akasema, "Asante, shangazi," akaendelea kufumua. Mzee alikuwa mlangoni, anasikia kila kitu, na alichofanya ni kutoka nje kwenda kutazama tairi la mkokoteni wa kubebea mitambo, ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Jumatatu binti alivaa lile shati jeupe, akaondoka bila kusema anakwenda wapi. Alirudi kabla ya saa nne. Mama akamuuliza kwa macho. Binti akatikisa kichwa, akavua shati, akalikunja, akalirudisha sandukuni, akavaa kanga yake ya kazi. Mzee aliyaona yote kwa kupitia upenyo wa pazia, na alijisikia mdogo, mdogo kuliko alivyowahi kujisikia tangu azaliwe.

*

Jumanne saa moja na nusu asubuhi alikuwa ofisini kwa Mkuu wa chuo, kofia mkononi.

"Karibu, mzee wangu. Keti."

"Nitasimama tu, Mkuu." Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, sasa yakaja yote mara moja, yanasukumana. "Ule waya. Si yeye. Ni mimi niliyeufunga. Alhamisi. Mtoto hakuwepo hata nyumbani, alikuwa ameenda kupiga picha za barua yako."

"Nafunga mlango," Mkuu alisema, akainuka akaufunga, akarudi. "Nilishajua, mzee. Fundi wangu aliniambia siku ileile: tepu imefungwa na mtu wa mkono wa kushoto."

"Ulijua?"

"Nilijua. Jana binti yako alikuja. Nikampa kalamu nikamwambia andika jina lako. Akaandika kwa mkono wa kulia. Nikamwambia, mwanangu, kugeuza waya si dhambi, hata mimi niliyesoma nimegeuza. Na kwa kuchomoa plagi ile ulinionyesha unajua kazi kuliko wote waliokuwa pale. Niambie tu ukweli, nani alifunga, uanze kazi leo. Unajua alinijibu nini?"

Mzee alitikisa kichwa.

"Alisema, 'Baba alishasema, Mkuu.' Nikamuuliza mara ya pili. Mara ya tatu. Jibu ni hilohilo. 'Baba alishasema.'"

Mzee Mitambo akakaa sasa, bila kukaribishwa tena.

"Basi mpe kazi, Mkuu. Ukweli umeupata."

"Nimempa mwingine. Barua nimeitia saini jana mchana." Alilisema hilo bila ukali, kama mtu anayesoma saa. "Usifikiri namwadhibu. Karakana ile ina umeme wa kuua. Mtu anayekubali kosa la mwenzake kwa heshima, kesho ataficha waya mbovu wa mwenzake kwa heshima hiyohiyo, na tutazika mtoto wa watu. Nilimpenda, lakini niliogopa. Na heshima hiyo hakuzaliwa nayo. Kafundishwa."

"Nimemfundisha mimi?"

"Sijui. Wewe ndiye baba yake."

Nje kengele ikalia. Wanafunzi walianza kukusanyika uwanjani, palepale palipokuwa na turubai siku tatu nyuma. Mzee aliikunja kofia yake ikawa kama kitambaa cha kupangusia mikono.

"Angalau nimekuja kumsafisha," alisema. "Angalau wewe umejua."

"Ulimtaja mbele ya watu mia nne," Mkuu alisema, "na spika ikiwa wazi. Unakuja kumsafisha mbele ya mtu mmoja, mlango umefungwa?"

Mzee alikaa pale mpaka kengele ya pili. Kisha akainuka, akasema, "Naomba nafasi kidogo hapo nje."

*

Mstari wa asubuhi hauna mitambo. Mkuu mwenyewe huongea kwa mdomo tu na wanafunzi humsikia, kwa sababu amezoea. Alimweka Mzee Mitambo mbele ya safu kumi na akasema mzee ana neno.

"Habari zenu, wanangu," mzee alianza. "Mimi ni yule wa mitambo. Siku ya mahafali nilisema waya ulifungwa na binti yangu. Haikuwa hivyo. Ulikuwa mkono wangu."

"Hatusikii huku nyuma!" mtu alipaza sauti.

Mbele wakacheka. Fundi wa sauti hasikiki! Ulikuwa utani mzuri na yeye mwenyewe, siku nyingine, angeucheka. Akaanza upya, kwa nguvu zaidi. Miaka ishirini na sita aliwapazia wengine sauti na yake mwenyewe hakuwahi kuipima. Iligoma katikati ya sentensi, ikapasuka.

"Nani alifunga?" waliuliza kutoka nyuma. "Binti?"

"Hapana!" Mzee alipiga kelele, mishipa ya shingo imemtoka. "Si binti! Ni mimi! Nilikosea mimi, nikamsingizia mtoto wangu, kwa kuogopa aibu! Mmesikia?"

Wakasikia. Hakucheka mtu. Fundi umeme wa chuo, aliyekuwa ameegemea mlango wa karakana, alitazama viatu vyake. Karibu naye alisimama kijana mgeni mwenye ovaroli jipya lenye mikunjo ya dukani, na mzee hakuhitaji kuambiwa ni nani.

*

Alirudi kwa miguu. Habari zilikuwa na miguu ya haraka kuliko yake: alipofika pembe ya mtaa, mwenye duka la vipuri alimtazama, akatazama pembeni, na kwa mara ya kwanza hakumwita "fundi wangu." Mzee akapita. Alishangaa kuona kwamba hilo halikumuuma kama alivyofikiri lingemuuma. Kilichomuuma kilikuwa mbele, nyumbani, na kila hatua ilikisogeza.

Binti alikuwa kwenye cherehani, mama ameenda sokoni. Alipomwona aliinuka.

"Shikamoo, baba. Nikuletee maji?"

"Marahaba. Hapana. Keti." Akabaki amesimama. "Nimetoka chuoni."

"Chuoni? Kufanya nini?"

"Kuwaambia. Wanafunzi wote, mstarini. Nimewaambia waya nilifunga mimi, na kwamba nilikusingizia." Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kelele za asubuhi, inatoka kwa kukwaruza. "Mkuu naye nimemwambia. Ila ile nafasi... ile nafasi imeshachukuliwa. Nimechelewa."

Binti aliangalia kitambaa kilichokuwa chini ya sindano. Alikinyoosha kwa kidole mahali ambapo hakikuwa na mkunjo.

"Nilijua imechukuliwa," alisema. "Jana nilimwona kijana mwingine aliyeomba kazi akiingia nilipokuwa natoka."

"Ndiyo."

"Umewaambia wanafunzi wote."

"Wote. Hata wa nyuma kabisa."

"Na Mkuu."

"Na Mkuu."

Binti akainua macho. Yalikuwa yamejaa, lakini hayakumwagika. "Mimi je, baba? Mimi hujaniambia kitu."

Mzee Mitambo alifungua mdomo. Watoto wengi wa rika la binti huyu hawajawahi kusikia baba akisema neno lile, na yeye mwenyewe hakuwahi kulisikia kwa baba yake. Alikuwa amepiga kelele mbele ya umati asubuhi ile na akasikika. Sasa yuko hatua mbili kutoka kwa mtoto wake na pumzi haitoshi. Akashika ukingo wa meza. Akajaribu mara ya kwanza, ikatoka hewa tupu.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilikuona unabeba mzigo wangu, nikakuacha uubebe."

Nje mtu alikuwa anapiga nyundo kwenye bati. Binti akapangusa macho kwa mgongo wa mkono.

"Nimekusikia," alisema.

Hakusema amemsamehe. Mzee alisubiri kidogo, akaelewa kwamba hana haki ya kuuliza, akasogeza kiti kingine akakaa karibu naye.